Tone la Gundi Kiganjani

Kwa miaka ishirini na sita fundi viatu alijitibu mwenyewe. Sindano nene ya soli ikimchoma, alinyonya damu, akatema, akaziba tundu kwa tone la gundi na kuendelea kushona. Mafundi wote wa mtaa ule walifanya hivyo, na aliyekwenda kufungwa bendeji alionekana mtu wa kudeka.

Mkewe alifanya naye kazi kibandani. Alipiga rangi, alipokea wateja, na wenye midomo mirefu aliwajibu yeye. Jumatatu moja sindano ilizama kwenye kiganja chake cha kulia, na kwa mkono wa kushoto mzee hakuweza kujipaka.

"Nizibie basi, mama, unaangalia nini?"

"Si twende zahanati wakuoshe kwanza?"

"Kwa tundu la sindano? Watanicheka mpaka wachoke!"

Mkewe naye akacheka, akaziba. Alipaka mara mbili, maana kazi ya kulipua hakuijua.

Jumatano mchana fundi alitetemeka juani, pumzi zinakimbizana. Akaanza maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akamuuliza mkewe, kana kwamba ni mteja, viatu alivyoleta ni vya rangi gani. Hapo mkewe akaita gari.

Hospitalini daktari, binti wa umri wa kuweza kuwa mwanawe, aliuliza, "Ana kidonda popote, mama?"

Mkewe aliona haya. Aliona atakavyotazamwa, mwanamke mzima aliyeziba mwili wa mumewe kama soli.

"Hana," akasema.

Kiganja chenyewe kilikuwa sugu tupu, cheusi kwa rangi ya viatu, na gundi haikuonekana. Wakampa dawa, wakapima mkojo, wakapiga picha ya kifua, wakitafuta ugonjwa ulikoingilia. Alhamisi asubuhi mkono ulikuwa umevimba, na mkewe akamweleza daktari yote huku akilia. Walipopasua, usaha ulitoka hadi kwenye shuka.

"Vijidudu tunavidhibiti," daktari alimwambia baadaye. "Sasa kinachomuumiza ni kinga yake mwenyewe. Askari wa mwili wameamka wote kwa pamoja, wanapiga hata wasiohusika. Figo zimesimama. Mapafu yanafuata."

"Si muwape dawa watulie?"

"Ingekuwepo ya uhakika, ningempa sasa hivi. Tunamshikilia tu, mama, mpaka watulie wenyewe."

"Na ningesema jana?"

Daktari alitazama mfuko wa mkojo uliokuwa mtupu. "Tungeanza mapema," akasema. Mkewe alimchukia kwa kutodanganya.

Fundi alikufa Ijumaa adhuhuri bila kumtambua mtu.

Msibani watu walisema siku zake zilikuwa zimefika. "Ni mimi niliyeziba," mjane aliwaambia, "na nikaficha." Wakamnyamazisha kwa huruma, wakamletea maji.

Kisha akaja fundi wa kibanda cha jirani, akampa mkono wa pole. Kwenye kidole gumba chake palikuwa na tone la gundi, limekauka juu ya ngozi nyekundu. Mjane hakuuachia mkono ule. Akaanza kubandua gundi kwa ukucha, mbele ya watu wote.

"Shemeji, unaniumiza!"

"Najua," akasema, akaendelea kubandua.