Laptop Aliyoichagua Mwalimu Elinuru

Mwalimu Elinuru alikuwa mtu wa kuchoka kabla watu hawajaanza kumchosha. Ndivyo alivyosema mkewe, Janeth, na kwa kuwa Janeth ndiye aliyempashia maji ya kuoga kila jioni, tumwamini. Miaka kumi na mmoja alifundisha kompyuta katika sekondari moja ya Lushoto, darasa lenye mashine tisa, tatu tu zikiwa hai. Akitoka hapo alikuwa fundi, mshauri, mpiga chapa na, Mungu amsamehe, mshonaji wa suti za marehemu.

Hilo la mwisho lieleweke vizuri. Mtu akifa huku milimani, familia inataka ratiba ya ibada yenye picha ya rangi ukurasa wa kwanza. Mara nyingi picha pekee ya mzee ni ile ya kitambulisho cha kura, amekunja uso, shati halina kifungo. Basi wanampelekea Elinuru. Yeye anamhamisha mzee kwa kompyuta, anamvisha suti ya bluu na tai, anamsimamisha mbele ya maua. Kuanzia Soni hadi Malindi ya huku milimani wapo wazee walioishi na kufa bila kugusa tai, wakazikwa wakiwa wakurugenzi. Malipo yake yalikuwa "Mungu akubariki, mwalimu." Na nani atamdai mfiwa?

Kazi hizo alizifanya kwa laptop iliyoizidi umri ndoa yake. Bawaba moja ilikatika zamani, kioo akakiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga. Juu ya hayo yote naye alikuwa mwanafunzi, anasoma shahada kwa masafa, mwaka wa tano katika kozi ya miaka mitatu. Akifungua programu ya kuchorea, aliweza kwenda kumkatia ng'ombe majani, akarudi, akaikuta bado inazunguka. Kazi zake za chuo zilichelewa, naye akazoea kuomba radhi kwa walimu wadogo kuliko yeye.

Kila Oktoba, watoto wakipata vyuo, wazazi walimiminika kwake. "Mwalimu, tuchagulie laptop." Alikwishawachagulia watoto kumi na saba, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza aliuliza mtoto anakwenda kusoma nini. Wa kuandika tu insha, mashine ya kawaida inamtosha. Wa kuchora anahitaji yenye nguvu, na hapo hakuna mjadala. Kisha aliwaambia wasitazame rangi wala wembamba. Alifungua na kufunga bawaba mara ishirini, akapiga kila kitufe, akauliza diski, akauliza dhamana, akauliza RAM. "RAM ni meza ya kazi," aliwaeleza. "Ikiwa ndogo, ukiweka karatasi ya pili, ya kwanza inaanguka." Wazazi waliitikia kwa vichwa kama wako kanisani, wakanunua alichokishika.

Mwaka huo alikuja Bertha, mjane wa Malindi, mkulima wa kabichi. Kitindamimba wake, Yusta, alikuwa amepata nafasi ya kusomea usanifu wa majengo Mbeya. Yusta alikuwa amefundishwa na Elinuru mwenyewe, binti aliyechora ramani ya shule nzima nyuma ya daftari la hesabu, hadi vyoo. Wakateremka watatu hadi Tanga.

Dukani zilikuwepo mbili zenye bei moja. Ya kwanza ilikuwa ya fedha, nyembamba, inang'aa, RAM nne, tena iliyochomelewa moja kwa moja isiyoongezeka. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nene, nzito, RAM kumi na sita.

"Mgosi, hiyo ya kijivu imebaki moja tu," muuzaji alimwambia Elinuru, akimwita kwa heshima ya kiume ya huko Tanga. "Ilikuwa ya maonyesho, boksi limechanika, ndiyo maana tumeishusha bei. Wiki ijayo huikuti."

Elinuru aliijaribu bawaba. Ilisimama pale alipoiacha. Akafungua programu ya kuchorea, nayo ikafunguka kabla hajakaa sawa kitini. Alijua palepale kwamba ndiyo ya Yusta. Alijua pia kwamba ndiyo aliyoiwekea akiba miaka miwili, na kwamba akiba hiyo ilitimia mwezi ule ule.

Watu husema shetani ana pembe. Siku ile hakuwa nazo, alikuja kama uchovu tu. Elinuru alijiuliza kwa nini kila kizuri kipite mikononi mwake kwenda kwa mtoto wa mtu mwingine, naye arudi nyumbani kwenye kopo la maziwa.

"Mwalimu, mimi hapa sioni kitu," Bertha alisema. "Ingekuwa ya kwako, ungechukua ipi?"

"Hii," akasema Elinuru, akagusa ile ya fedha. "Ni nyepesi. Haitamchosha bega."

Yusta alifurahi, maana ilikuwa nzuri kuitazama. Bertha akamshukuru mwalimu mara tatu, tena kwa mikono miwili. Wakati wanafungiwa mzigo, Elinuru alirudi kwa muuzaji, akamnong'oneza, "Ile niwekee." Jumamosi iliyofuata aliteremka Tanga peke yake.

Aliona haya, tusimnyime hilo. Aliona haya kwa wiki moja nzima. Halafu mashine ikawa tamu. Marehemu akavaa suti ndani ya robo saa. Kazi mbili za chuo zilizokuwa zimelala tangu Pasaka zikaenda. Janeth akamtania kwamba amepata mke wa pili, tena huyu anampakata kabisa. Novemba Yusta alimwandikia ujumbe: "Shikamoo mwalimu. Mchoro ukikataa kufunguka nifanyeje?" Elinuru akajibu, "Zima, uwashe tena."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Elinuru ilifika hadi Januari.

Bertha alibisha hodi asubuhi ya ukungu, siku Janeth alipokuwa sokoni, mkononi ana kikapu cha njegere na karoti.

"Shikamoo, mama Yusta."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuletea hizi, usikatae. Na nina shida kidogo."

Akaketi. Shida yenyewe ilikuwa barua. Yusta alitaka kuhama kozi, aende kwenye kozi nyingine yoyote isiyo na kuchora. Fomu ilikuwa na mwisho Ijumaa, na ilitaka barua ya mzazi.

"Anahama kwa nini?" Elinuru aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Ameshindwa. Wenzake wanamaliza kazi jioni, yeye inamgandia, inafutika, anaanza upya. Mwalimu wake kamwambia ana mkono mzito. Wasichana anaolala nao chumba kimoja walimwambia ni laptop, akagombana nao! Akawaambia, hii alinichagulia Mwalimu Elinuru mwenyewe, haiwezi kuwa laptop." Bertha alicheka kidogo, kwa fahari iliyochoka. "Basi ikabaki ni yeye. Amelia simuni mpaka nikakosa la kusema. Nikamwambia mwanangu, si kila mtu kaumbiwa kuchora, hata mimi babu yako hakunipeleka shule. Njoo kwenye unachokiweza."

Elinuru alifungua ile laptop ya kijivu, kwa kuwa hakuwa na nyingine ya kufungua. Akaandika anwani. Akaandika YAH: OMBI LA MWANANGU KUHAMA KOZI. Herufi zilitokea haraka, hakuna hata moja iliyochelewa.

"Sababu niandike nini?"

"Andika ukweli. Kwamba kichwa chake kimeshindwa kuibeba kozi."

Aliandika "kichwa chake", akakwama. Alijaribu kuendelea, vidole vikakataa. Nje mtu alikuwa akipasua kuni, na kila shoka lilipotua Elinuru alishtuka kama mwanafunzi aliyekamatwa.

"Siwezi kuandika hii, mama Yusta."

"Umechoka, mwalimu. Kazi zimekuzidi. Nije kesho?"

"Sijachoka."

Ilikuwa imepita miaka tangu aliposema neno hilo. Kisha akamwambia yote, macho kwenye vitufe. Kwamba zilikuwa mbili. Kwamba ya fedha isingeweza kubeba michoro hata ingechukuliwa na malaika. Kwamba nzuri ilikuwa moja, na ndiyo hii, aliirudia wiki ileile. Kwamba Yusta alipomuuliza, alimwambia azime na kuwasha.

Bertha hakuwa mwanamke wa makelele. Aliitazama ile laptop, kwa muda mrefu, akijaribu kuona tofauti.

"Mimi nilidhani zinatofautiana rangi," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Usiniambie mimi." Alisimama, akaifunga vizuri kanga kiunoni. "Mwambie mwenye kichwa. Piga simu. Weka sauti ya nje, nisikie utakavyosema."

Elinuru alipokuwa akitafuta namba, Bertha aliinama, akachomoa chaja ya laptop ukutani, akaanza kuuviringa waya wake polepole mkononi. Hakuomba. Elinuru hakuuliza. Basi la kuelekea Mbeya lilipita Mombo kila siku, na wote wawili walilijua.

"Shikamoo mwalimu," sauti ya Yusta ilisema, ya adabu, imevimba kwa kulia. "Barua imekamilika?"

"Marahaba, Yusta. Hakuna barua. Nisikilize." Akaisogeza simu karibu. "Laptop yako ni mbovu kwa kazi yako. Si kwamba imeharibika, ilikuwa haifai tangu dukani. Nami nilijua. Nilikuonyesha hiyo ili ile nzuri nibaki nayo mimi. Ulipokuwa unahangaika, nilijua pia. Hii yangu itapanda basi kesho, Alhamisi unayo. Fomu ichane."

Upande wa pili ndoo iliburuzwa, wasichana wakacheka mbali. Elinuru alingoja atukanwe. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kusema kweli aliyatamani.

"Mwalimu," Yusta alisema. "Kwa hiyo mimi si mjinga?"

Bertha, aliyekuwa ameviringa waya mpaka mwisho, akaanza kuufungua tena bila kujua anachofanya.

"Si mjinga, Yusta. Hujawahi kuwa mjinga hata siku moja."

"Naomba umwambie mama."

"Mama yupo hapa. Anasikia."

"Mwambie hata hivyo."

Elinuru akaiweka simu mezani. Akamgeukia Bertha, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akamtazama usoni, akamwambia.