Waliniita Mwizi wa Kompyuta Nne, Sasa Ninazo Kweli

Admin, jina langu lifunike kabisa, kisiwa cha Mafia ni kidogo na jamaa ninayemsema hapa anaufuata ukurasa huu. Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Miburani na mama yangu. Kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa simu, chuo sijakanyaga, lakini naziweza.

Mwaka jana nilipata kazi kwenye hoteli moja ya watalii hapa hapa kisiwani. Bosi alikuwa na kompyuta moja kubwa, ina nguvu balaa, inafanya kazi moja tu. Nikamtengenezea mashine tano ndani yake. Kwa asiyejua: boksi ni lile lile, ila kwa programu unaligawa ndani linakuwa kama kompyuta tano. Moja ya wageni, moja ya stoo, moja ya kamera, moja ya wafanyakazi, moja ya intaneti. Bosi alifurahi mpaka akaniita mwanangu.

Kosa langu hili hapa. Alinipa daftari la mali, akasema kila mashine iandikwe na ibandikwe stika yake ya namba. Mimi kwa sifa zangu nikaandika seva tano, yaani kompyuta kubwa tano, nikasaini, stika zote tano nikazibandika kwenye boksi moja. Nikapiga na picha!

Mwezi uliopita akaja mpwa wake bosi kutoka Dar kuhakiki mali. Nimwite Shebe. Wafanyakazi wote tumesimama, yeye na daftari lake.

"Namba moja iko wapi?"

"Hii hapa."

"Namba mbili?"

"Hiyo hiyo, bro. Zote zimo humo ndani."

"Kompyuta nne tumboni mwa kompyuta? Ina mimba?"

Watu wakacheka. Nikamwashia skrini aone, hataki hata kuangalia. "Mjomba, huyu kauza nne, stika kazibandua kazileta hapa. Sahihi yake hii." Bosi akanitazama, akasema, "Toka."

Hapo ningesamehe, wallahi. Lakini Shebe akaja na watu mpaka nyumbani. Wakafungua sanduku la mama, kanga zake na nguo zake za ndani zikamwagwa uani, majirani wanaona. Mama anamuuliza, "Mwanangu, kompyuta zingeingiaje humo?" Anajibiwa, "Tulia bibi, wezi mna maarifa." Bibi! Mama hata hamsini hajafika, na shikamoo hakupewa.

Roho yangu ikageuka siku hiyo. Na sikieni: mezani, pembeni ya redio, kulikuwa na diski yangu ndogo kama kipande cha sabuni. Kila wiki nilikuwa naweka nakala za zile mashine humo, boksi likifa tusiumbuke. Shebe aliipita. Yeye anatafuta maboksi manne!

Paswedi za hotelini hawakubadilisha hata moja. Nikaingia kwa simu. Jumatatu nikafuta mashine ya stoo. Jumanne ya kamera. Jumatano ya wafanyakazi. Alhamisi ya wageni, wageni wenyewe ndiyo wanashuka kwenye ndege. Nikamwachia ya intaneti tu. Si alisema ipo moja? Basi awe na moja! Nilisikia raha, siwafichi. Mpishi wa pale ananiletea umbea wote: Shebe kaagiza kompyuta nne mpya, kaziwasha, tupu, anazipigapiga kama redio mbovu.

Sasa juzi bosi kaleta ujumbe. Ijumaa baada ya swala mama aje ashike msahafu mbele ya wazee, aape nyumbani kwake hamna mali ya hoteli, yaishe. Mama kakubali kwa furaha. "Nitaapa kifua mbele, mwanangu. Nyumba yangu naijua." Anasema hivyo huku anafuta vumbi mezani, anainyanyua diski, anairudisha. Na mashine nne za hoteli sasa zimo humo tu, kwingine hazipo.

Nikiirudisha diski hotelini, Shebe atatangaza mji mzima wa Kilindoni: si niliwaambia anazo? Nikinyamaza, mama ataapa uongo bila kujua. Nikimwambia ukweli hatashika msahafu, na watu watasema kakimbia kiapo.

Kuna njia moja inanivuta. Niivunje, nikaitupe baharini. Nyumba itabaki safi, mama ataapa kweli, na Shebe hatapata kitu milele. Ila na wale wenzangu wa hotelini, kumbukumbu za kazi zao zote zimo humo, na mpishi ni mmoja wao.

Msiniambie nisamehe, hilo sijauliza. Ninyi mngekuwa mimi, mngeirudisha au mngeivunja? Nijibuni upesi, leo ni Jumatano.