Minazi Thelathini na Moja Hadi Nairobi

Nilisafiri kwenda Nairobi kumtafuta mtu atakayekubali kwamba mnazi ni mali. Nasema hivi mapema, asije mtu akadhani nilikwenda kutembea.

Mimi ni mhandisi, mzaliwa wa Timbwani, Likoni. Tangu nimalize shahada ya kwanza nimekuwa nikisimamia umwagaji wa zege katika yadi ya makontena huko Changamwe, kibarua chenye jina kubwa. Kwa miaka miwili nilituma maombi ya shahada ya uzamili ng'ambo, na sababu ilikuwa moja tu. Nyuma ya nyumba yetu bahari inakula genge la udongo. Kila masika humega kidogo, na makaburi ya wazee wetu sasa hayako mbali na ukingo. Nilitaka kusoma uhandisi wa pwani, nirudi nikijua kuta za kuzuia bahari hujengwaje. Vyuo vitano vilinikataa. Cha sita, kilichoko Uholanzi, kilinikubali, na mfuko mmoja wa ufadhili wenye ofisi Nairobi ukaahidi kunilipia karo na matumizi. Tulichinja kuku. Kisha ikaja fomu ya mdhamini.

Fomu ilimtaka mtu mwenye ardhi iliyo na hatimiliki, ili nikisoma nisirudi, mfuko upate pa kushika. Mwisho wa kuiwasilisha ulikuwa Ijumaa. Sasa sisi tunalima Timbwani tangu enzi za babu wa babu, lakini hatimiliki ina jina la mtu ambaye hatujapata kumwona, wala hatujui anaishi wapi. Chetu sisi ni kilichopandwa juu ya ardhi hiyo. Ndiyo desturi ya kwetu: udongo waweza kuwa wa huyu na minazi ikawa ya yule, na minazi hiyo ikauzwa na ikarithiwa bila ya udongo kuguswa.

Mjomba Hamisi, ndugu wa marehemu mama, aliyenilea pamoja naye, aliisoma fomu mara mbili kwa miwani yake iliyofungwa uzi.

"Hawa wataka mali isiyohamishika," akasema. "Basi mnazi wahamia wapi, mwanangu? Andika minazi."

Mimi ndiye msomi wa nyumba ile, na ningepaswa kumwambia kwamba haitakubalika. Sikumwambia. Nilikuwa nimechoka kukosa, na aliyechoka kukosa huamini lolote. Niliazima darubini ya kupimia kazini, na Jumapili nzima tukapima minazi, mjomba akinishikia mti wa vipimo na kunieleza kila mmoja ulipandwa na nani. Ilikuwa thelathini na moja. Wa mwisho, ule wa ukingoni, mama aliupanda siku nilipoingia kidato cha kwanza, akasema ukianza kuzaa utanisomesha. Ulipoanza kuzaa yeye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Jumatatu chifu alitia muhuri karatasi inayosema kwamba minazi ile thelathini na moja ni ya Hamisi. Mchoro niliumalizia mwenyewe: kila mnazi nukta yake na namba yake, na mistari ya buluu kuonyesha ukingo ulipokuwa zamani na ulipo sasa. Sijapata kuchora kitu kizuri kama kile, hata chuoni. Nikaukunja, nikautia ndani ya kipande cha bomba la maji la plastiki usije ukalowa.

Jumatano asubuhi, kivukoni Likoni. Mjomba alinisindikiza akiwa amebeba bomba begani kama anayepeleka mgonjwa hospitali, taratibu, akiwaomba watu radhi. Askari wa pale alitusimamisha akauliza lina nini.

"Minazi," mjomba akajibu.

Askari alimwangalia, akaniangalia mimi, akatupisha. Kabla sijaingia kwenye feri mjomba alinishika kichwa akanisomea dua, kisha akasema, "Uwaambie waihesabu. Wakitaka kuja kuihesabu wenyewe, waje. Nitawapikia."

"Inshallah, mjomba."

Feri ilipoondoka nilimwona bado amesimama, mikono imekosa kazi baada ya kunikabidhi bomba. Nilitamani kushuka. Nilijua ninakokwenda, yeye hakujua.

Saa tatu, Chaani, huko Changamwe. Nilipita kwa Bwana Kariuki, msimamizi wetu wa mafundi kule yadini, mtu wa bara aliyehamia Changamwe kabla sijazaliwa. Kwao wana shamba lenye hati, naye alikuwa ameniahidi kwamba minazi ikikataliwa, atanidhamini yeye. Mkewe alinikaribisha chai. Nilipoona imekuja na mayai na mkate wa kupakwa siagi, nikajua mambo yameharibika. Watu hawakupikii hivyo wakiwa na habari njema.

"Mwanajuma, wacha nikuambie ukweli," Bwana Kariuki akasema. "Hiyo title iko kwa jina ya mzee, na ndugu zangu wamekataa. Wanasema, huyo msichana wa Mombasa akipotelea majuu, sisi tutalima wapi?"

"Na wewe wasemaje?"

Alinisogezea sahani ya mayai. Nilikula, kwa kuwa mkewe alikuwa anatazama. Sikumkasirikia. Wana kitu kimoja, na kwa watu wenye kitu kimoja, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Ningekuwa mimi ningekataa pia, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Saa tisa mchana, stesheni ya Miritini. Mlinzi alitaka bomba lifunguliwe, akautoa mchoro, akautazama kwa heshima asiyoielewa, akaurudisha. Ndani ya treni nililishika bomba mapajani njia nzima. Kulia kulikuwa na nyika, na mara kwa mara ua wa seng'enge, ardhi kavu isiyo hata na mbuzi ndani. Kila ua uliniuma. Nyuma yake palikuwa na mtu mwenye karatasi, pengine hata hajui anazo ekari ngapi, na karatasi yake ingetosha kunifikisha Uholanzi. Watu walipiga picha tembo. Mimi nilikuwa nikionea wivu seng'enge.

Nairobi, jioni. Alinipokea Rehema, shoga yangu wa tangu skuli, mzaliwa wa Kisauni, sasa muuguzi. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauona uso wangu.

"Pole, shoga. Lakini wallahi, watu wa huku mnazi waujua kwa tui la pakiti. Watakucheka."

"Wacheke," nikasema, "mradi watie muhuri."

Yeye mwenyewe alinipigia pasi buibui langu. Hakucheka tena.

Alhamisi, saa nne asubuhi, ofisi ya mfuko. Nilitarajia mzee mkali nipate wa kumchukia. Nikapata mwanamke kijana, mpole, aliyenyanyuka kunisalimu. Aliisoma karatasi ya chifu, akasita, akaomba auone mchoro. Tuliutandaza mezani, tukaubana pembe kwa kikombe na mashine ya kubana karatasi.

"Nani alichora hii?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Mjomba alinishikia mti wa vipimo."

Aliinama akautazama kwa muda mrefu. "Sijawahi kuletewa kitu kama hiki," akasema. "Wewe kweli unafaa kusoma."

Nikiri kwamba kwa dakika ile niliamini. Niliona mpaka koti nitakalonunua la baridi.

"Lakini mwenye ardhi akitaka kuing'oa hii minazi, si anaweza?"

"Kwa desturi, lazima kwanza awalipe wenye minazi."

"Hiyo desturi imeandikwa wapi, niiweke kwenye faili?"

Angeniuliza uzito wa zege ningemjibu. Alipitisha kidole kwenye mistari ya buluu, mmoja baada ya mwingine.

"Na hii ni nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa fahari, kama mwanafunzi aliyesoma somo lake: ukingo ulikuwa hapa, ukaja hapa, sasa uko hapa. Nilikuwa nimefika mstari wa mwisho niliposikia ninachokisema.

"Kwa hivyo," akasema polepole, kama asiyetaka kuniumiza, "hii dhamana inaanguka baharini."

Mchoro wangu mwenyewe ulitoa ushahidi dhidi yangu. Laiti ningechora vibaya! Laiti ningekuwa mhandisi mbaya kidogo tu, niisahau ile mistari! Niliomba wiki moja zaidi. Akasema kuna anayengoja nyuma yangu, na Ijumaa mchana ataitwa. Alinikunjia mchoro kwa mikono yake, akautia ndani ya bomba, akanifungulia mlango. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na wangu ulikuwa mtupu mbele ya mtu mwenye adabu, ndiyo maana nikashindwa hata kulia.

Ijumaa, treni ya asubuhi. Rehema alinifungia chapati ambazo sikuzila. Tulipokuwa tunakaribia Mariakani ujumbe uliingia kwenye simu: nafasi imepewa mwingine, nashukuriwa kwa kushiriki. Jirani yangu wa kiti aliniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia hapana, maana habari mbaya nilikuwa nayo tangu jana. Mvua kubwa ilikuwa ikinyesha tangu Mazeras mpaka Miritini, na watu walisema imenyesha hivyo usiku kucha.

Alasiri, Timbwani. Mjomba hakuwa kivukoni, jambo lisilo la kawaida kwake. Nilimkuta nyuma ya nyumba, suruali imekunjwa magotini, amesimama mbali kidogo na ukingo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Hakugeuka. "Waliihesabu?"

Njia nzima nilikuwa nimetunga maneno ya kumpoza. Yote nikayasahau.

"Hawakuihesabu, mjomba. Walikataa."

Nikasogea nilipoweza kuona. Mnazi wa mama haukuwepo. Palikuwa na udongo mwekundu mbichi na mizizi inayoning'inia, na chini, kwenye mawimbi, makuti yakienda na kurudi. Sikulia ofisini, nililia pale, kwa sauti, na mjomba akaniacha nilie.

Mwenye kusoma safari hutaka kujua msafiri amejifunza nini. Nimejifunza kwamba waweza kufaa na usifae, kwa neno la mtu mmoja, katika kikao kimoja. Nimejifunza kwamba ili nipewe elimu ya kuiokoa ardhi hii, ilinipasa kwanza niwe na ardhi isiyohitaji kuokolewa. Sijui funzo hilo nilifanyie nini. Nimewauliza wengine, nao hawajui.

"Leta ule mchoro wako," mjomba akasema nilipotulia. "Urekebishe. Karatasi ya chifu yasema thelathini na moja, na sasa twawa waongo."

Nikaenda barazani, nikaufungua. Nikaifuta nukta ya thelathini na moja, kisha nikachora mstari mpya wa buluu mahali ilipokuwa. Mjomba alishika ncha moja ya utepe wa kupimia, mimi nikashika nyingine, tukapima kutoka ukingoni mpaka mnazi wa thelathini. Zilikuwa mita nne kasoro. Nikaandika.