Joto la Upande wa Kitanda

Fundi wa kompyuta hana pupa. Kabla ya kukaza skrubu huinua uzi wa pamba mbele ya feni, kisha hufumba macho kana kwamba anamsikiliza mtu anayenong'ona chumba cha pili. Mchoraji wa ramani za nyumba, aliyemletea mashine yake inayochemka, alimtazama akifunga kipozeo kipya cha maji. Feni zilivuta hewa ya nje kupitia rejeta, ule wavu wa kupozea maji, na uzi ukaelea taratibu kuelekea ndani.

"Nyumbani inakaa wapi, dada?" fundi akauliza kwa sauti ya chini.

"Miguuni pa kitanda cha mama. Tangu augue hataki nifanyie kazi chumba kingine."

"Joto halimsumbui?"

"Joto lipi, fundi? Miguu yake barafu tupu. Hata soksi mbili hazifui dafu."

Vidole vya fundi vyenye makovu madogo ya kuungua vikafungua skrubu zote nane, moja moja, akazigeuza feni.

"Mashine itapata joto kidogo zaidi, haitadhurika," akasema. "Ila hewa ya moto itatokea upande wa miguu ya mama."

Alasiri ile, mchoraji akiwa nyumbani katikati ya kuchora mstari, mama alivua soksi mwenyewe, akalala fofofo.