Bendera Nusu Mlingoti

Sharti la mashindano ya vyuo vya ufundi lilikuwa jepesi kusoma: tengeneza mashine ya mota, ipande mlingoti bila kuguswa, ifikishe kitambaa juu. Kitambaa chochote. Mwenzangu, mzaliwa wa Namatala, mtaa wa Mbale, mtu wa maneno machache, alitoa leso yake ya mfukoni. Mimi, kwa kujipendekeza, nikasema tufunge bendera ya taifa, maana mgeni rasmi alikuwa gavana, na gavana alikuwa mwanajeshi.

"Weka leso," alisema. "Bendera ya serikali si ya kuchezea."

Nikamwita mwoga, akarudisha leso mfukoni, nami nikafunga bendera.

Chuo chetu kilikuwa Jinja. Miaka ile ya utawala wa jeshi vipuri vilikuwa adimu kuliko sukari, kwa hiyo mota tuliing'oa kwenye waipa za kioo cha lori bovu huko Nalufenya. Magurudumu manne tukayavisha raba ya tairi kuukuu, springi ikayabana kwenye mlingoti, na waya mrefu ukashuka hadi kwenye betri chini. Tulijaribia kwenye bomba la chuma nyuma ya karakana. Ilipanda mara kumi, na mara zote kumi ikafika. Nikavimba kichwa.

Tulipofika Mbale, kwenye uwanja wa mashindano, nikanusa rangi. Gavana anakuja, basi kila kitu kilikuwa kimepakwa: mawe ya kando ya barabara, mashina ya miti, na mlingoti wa kupandwa. Rangi ya mafuta, nyeupe, bado mbichi. Bomba letu la Jinja lilikuwa na kutu, na kutu ndiyo iliyokuwa ikiishika ile raba. Mimi, mhandisi mtarajiwa, mzaliwa wa nchi hii, sikukumbuka kwamba kwetu mkubwa hafiki mahali pasipopakwa rangi. Kuifungua bendera mbele ya askari niliogopa. Kuiacha niliogopa pia. Nikawasha.

Ilipanda vizuri hadi katikati. Hapo magurudumu yakaanza kuteleza, yakazunguka palepale, na bendera ikaning'inia nusu mlingoti, kama siku ya msiba wa taifa.

Askari mmoja akanijia, bunduki begani.

"Bendera iko katikati. Nani nakufa?"

Miaka ile watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo, wasionekane tena. Mwenzangu ndiye aliyejibu.

"Hakuna mutu alikufa, afande. Masini inapumuzika kidogo."

Akavua viatu, akaukumbatia mlingoti, akapanda akiisukuma mashine kwa kichwa mpaka juu.

Gavana akacheka. Ndipo wengine wote wakacheka. Tulifutwa mashindanoni kwa kuwa mashine iliguswa, nami nikashukuru.

Njiani kurudi Jinja tulikaa nyuma ya pikapu ya chuo. Shati lake lilikuwa limejaa rangi, na mikono, na nywele. Nilitaka kumwomba radhi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile leso, akaanza kujifuta.