Nilisoma Onyo la Upepo, Nikamwambia Kuko Shwari

Nilidanganya. Wacha niseme hivyo mapema kabla ujasiri haujaniishia. Sikukosea, sikusahau, wala simu haikuzima. Nilisoma kitu kwa macho yangu mawili, nikafungua mdomo nikasema kingine. Na mtu niliyemwambia karibu afe.

Mimi ni mwanamke wa milimani. Nimezaliwa huko juu Taita, mahali ambapo mwezi wa saba huoni hata choo chako kwa ukungu. Nikaolewa huku chini, Mata, karibu na Ziwa Jipe, kwenye joto, mbu na viboko. Baba yangu hakupenda. Alisema nimeenda kuishi na watu wa kunuka samaki. Miaka tisa nimeolewa, na miaka tisa hakuwahi kukanyaga kwangu.

Mume wangu ni fundi wa magari Voi, anakuja nyumbani wikendi, Jumamosi usiku. Hapa kwa boma tuko mimi, watoto, na mdogo wake, shemeji yangu. Shemeji ni mvuvi. Ana mtumbwi wake wa mbao, anausukuma kwa pondo kupita kwenye mafunjo hadi ziwa linapofunguka. Ni mtu wa kucheka. Nilipofika hapa bibi harusi sijui kupaa samaki, ni yeye aliyenionyesha, akinicheka mpaka machozi yanamtoka, lakini alinionyesha.

Sasa sikiliza hili vizuri, maana kosa langu liko hapa.

Watu wanadhani ziwa letu ni dogo, haliwezi kufanya kitu. Hawajalijua msimu wa baridi. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa upepo unateremka huku kama umetumwa. Asubuhi maji yametulia. Ikifika saa nne, saa tano, unaanza, na mtumbwi mdogo ukiwa katikati hauna pa kujificha. Mbaya zaidi, upepo huo unang'oa mafunjo yanayoelea na kuyasukuma. Njia uliyopita ukienda, ukirudi unaikuta imezibwa.

Ndiyo maana kuna ujumbe wa hali ya hewa unaotumwa kwa simu. Kwa ufuo wetu unaingia kwangu, kwa sababu mimi ndiye mwandishi wa kikundi cha wavuvi na unakuja kwa Kiingereza. Shemeji aliacha shule darasa la tatu, na simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kutoka, anasimama mlangoni kwangu na pondo begani.

"Leo wanasemaje, shemeji?"

Ninamsomea. Yeye anateremka ufuoni kuwaambia wenzake, na kila mtu anaamua kulingana na neno hilo. Tulifanya hivyo misimu miwili bila shida. Jamani, mtu kukuamini hivyo, kila siku, si jambo dogo!

Basi mwezi wa saba mwaka huu, mama akanipigia. Baba amekubali kuja! Jumamosi watakuwa kwangu saa saba mchana. Nililia kwa furaha. Nikafua mapazia, nikapaka ukuta rangi, nikaazima vikombe kwa majirani. Na nikaapa moyoni kwamba huyu mzee atawekewa mezani perege mkubwa wa Jipe, samaki wa kujaza sinia, ajue watu wa kunuka samaki wanakula nini.

Perege wa aina hiyo hapatikani karibu na ufuo. Yuko ng'ambo, kwenye mafunjo ya mbali. Shemeji aliniahidi. "Nitakuletea mmoja mpaka babako asahau hayo mahindi yake."

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu ikalia. Nikafungua. Iliandikwa wazi kabisa: upepo mkali kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni, vyombo vidogo visitoke.

Nikatoka nje, nikaangalia juu. Haki ya Mungu, hakukuwa na wingu hata moja! Milima ya Upare ng'ambo ya mpaka ilikuwa wazi ungehesabu miti. Kwetu huko juu, siku mbaya unaiona ikija. Ukungu unashuka, wingu linakaa kilimani, baridi inakuuma masikio, hapo unajua. Siku ya jua na anga safi ni siku ya kuanika mahindi. Nilitazama Ziwa Jipe kwa macho ya kilimani! Miaka tisa hapa, na bado sikuwa nimejifunza kwamba huku upepo mbaya zaidi unakuja na anga iliyofagiliwa.

Nikajiambia hao watu wa hali ya hewa wako ofisini kwao, wataona nini kutoka huko?

Shemeji akaja mlangoni. "Leo wanasemaje, shemeji?"

"Wanasema kuko shwari. Upepo kidogo tu."

"Kidogo?"

"Kidogo. Si unaona hata wewe?"

Akacheka, akaenda. Niliona mgongo wake ukishuka. Ningemwita. Hatua ishirini tu! Sikumwita. Nilirudi jikoni kukuna nazi.

Saa tano kasoro bati la jikoni likaanza kugonga. Mara vumbi. Mara mapazia yangu niliyoyafua yakatoka madirishani. Nikakimbia ufuoni na mwiko mkononi. Mitumbwi mitatu iliyokuwa imekaa karibu ilikuwa inarudi, wanaume wamelowa hadi kichwani. Wa shemeji haukuwepo. Yeye peke yake ndiye aliyeenda mbali. Kwa ajili yangu.

Wazazi wangu walifika saa saba, wakanikuta nimesimama kwenye maji hadi magoti. Baba akaangalia juu akasema, "Siku nzuri hivi, unalia nini?" Hata yeye! Ningekuwa na nguvu ningecheka.

Walimtafuta na boti ya injini iliyoletwa kutoka upande mwingine. Walimpata saa kumi na moja jioni. Mtumbwi ulikuwa umepinduka na kuzama. Njia ilikuwa imezibwa, na yeye alikuwa ameshikilia mafunjo kwa zaidi ya saa sita, maji kifuani, upepo ukimpiga, na viboko wakikoroma karibu asithubutu kusogea. Walipomtoa hakuweza kufungua vidole.

Alikuwa amejifunga perege kiunoni kwa kamba. Mkubwa, kama alivyoahidi.

Nilimfukia samaki huyo nyuma ya nyumba. Baba hakula kitu chochote. Kesho yake walirudi kwao, na mama akaniachia kimanga alichonipikia, ule muhogo wa kwetu wa kupondwa na maharagwe, nikashindwa kukimeza.

Shemeji alishikwa na nimonia. Wakampeleka Taveta, kisha Voi, wiki tatu. Pafu moja limeharibika. Daktari alisema kazi ya pondo asahau. Mtu wa miaka thelathini na mbili! Sasa akipanda kutoka ufuoni hadi nyumbani anapumzika mara mbili.

Nilipomtembelea hospitalini, nilienda na maneno yangu yote tayari. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono. "Usijilaumu, shemeji. Wewe ulisoma tu. Ni hao wa hali ya hewa walikosea."

Nikanyamaza. Ole wangu, nilinyamaza! Na huo ukawa uongo wa pili.

Nilimwambia mume wangu. Akasema, "Amepona, si ndio? Basi nyamaza. Ukisema utavunja boma." Nikajidanganya kwamba ninamtii mume. Kwa kweli nilikuwa ninafurahi kupewa ruhusa ya kuwa mwoga.

Lakini ona uongo unavyotembea. Shemeji alirudi nyumbani, na kila aliyekuja kumwona, yeye alimwambia kwamba ile simu ilisema shwari. Habari ikaenea ufuo mzima. Mwezi wa nane ukaingia ujumbe mwingine, upepo mkali tena. Nikashuka mbio mwenyewe kuwaambia wasitoke. Wakacheka!

"Mama, hata ile siku simu ilisema kuko shwari. Hiyo simu yako iache ipike ugali."

Wakatoka. Saa nne na nusu mtumbwi mmoja ukapinduka. Wanaume wawili waliogelea kwenye mafunjo, kiboko akapita karibu nao. Walitoka hai, lakini mmoja wao ana watoto watano, na mkewe alikuwa amesimama kando yangu akipiga mayowe. Na mimi ninajua kitu ambacho yeye hajui. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikumdhuru mtu mmoja. Nilikuwa nimewanyang'anya wote kitu pekee kilichokuwa kinawarudisha nyumbani.

Nilienda kwa shemeji jioni hiyo, jua bado liko. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anashona wavu ambao hatautumia tena. Nikapiga magoti, nikamwambia.

Hakuinua kichwa. "Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ukaona imeandikwa nisitoke?"

"Ndiyo."

Akaendelea kushona. Fundo moja, fundo la pili. Nilitamani anipige. Nilitamani atukane.

"Kesho asubuhi uje ufuoni," akasema. "Uwaambie wewe. Mimi sina pumzi ya kuwaambia."

Nikaenda. Nikasema mbele ya wanaume kumi na wanne na wake zao. Mmoja akatema mate chini. Mwingine akaniuliza, "Kwa sababu ya samaki?" Nikajibu ndiyo, kwa sababu ya samaki. Hakuna aliyenigusa. Walinitoa kwenye uandishi wa kikundi siku hiyohiyo, na ujumbe ukahamishiwa kwa simu ya mwenye duka, kijana aliyemaliza kidato cha nne. Mume wangu hakuja nyumbani wikendi mbili. Baba alisikia, akamwambia mama kwamba sasa amejua ni nani anayenuka.

Sikulalamika. Nilistahili zaidi.

Lakini wiki iliyopita mwenye duka alikuwa amesafiri, simu yake imezimwa. Mimi hawakuwa wamenitoa kwenye orodha ya ujumbe. Saa kumi na mbili na nusu ukaingia: upepo mkali, msitoke. Nikashuka nikipiga kelele. Walikuwa wanasukuma mitumbwi majini. Wakasimama, wakatazamana. Wote wakageuka kumtazama shemeji, ambaye bado anashuka kila asubuhi kukaa tu na wenzake.

Akanyoosha mkono. "Leta simu."

Nikampa. Hakuitazama. Alimpa msichana wa jirani aliyekuwa anapita kwenda shule. "Soma. Soma yote, neno kwa neno, utuambie kwa Kiswahili."

Mtoto akasoma. Ilikuwa vilevile nilivyosema, hata saa. Nilisimama pale mtu mzima, mama wa watoto watatu, nikisubiri mtoto wa darasa la saba athibitishe kama mimi ni mwongo.

Wakavuta mitumbwi nje ya maji. Saa tano upepo ukaja, na kila mwanaume alikuwa kwake.

Nawe unayesoma haya, kama kuna mtu anakutegemea umsomee, iwe ni ujumbe wa upepo, karatasi ya daktari au barua ya shule, msomee kilichoandikwa. Usimpunguzie wala usimwongezee, na usiangalie dirishani kwanza ukafikiri unajua zaidi. Na kama ulishadanganya, kaseme leo, kabla uongo wako haujapata miguu. Shemeji yangu ameshanisamehe, alinitamkia mwenyewe, na ninaamini alimaanisha. Lakini bado kila nikimwambia jambo, hata kwamba chakula kiko tayari, anamtazama mtu mwingine kwanza.