Nilivyomsomea Bibi Katuni

Vitabu vya katuni, kwangu mimi, vina harufu ya michembe. Nyumbani kwetu, pembeni mwa Segese, bibi yangu mzaa baba alihifadhi vitu vyake vya maana kwenye ndoo moja kubwa ya plastiki: michembe aliyoikausha mwenyewe, kitenge cha kuendea kanisani, na vijitabu vyembamba ambavyo shangazi alituletea kila mwezi kutoka Katoro, alikokuwa akiuza mitumba. Ukifungua ukurasa, wino na viazi vitamu vikavu vinakupanda puani kwa pamoja. Nilikuwa darasa la pili. Kilikuwa kiangazi, pamba imeshavunwa, na saa za baada ya shule zilikuwa ndefu kiasi kwamba hata kuku walichoka kuchakura.

Shangazi aliniletea mimi, lakini bibi ndiye aliyeviteka. Hakuwahi kukaa darasani, na Kiswahili alikijua cha gulioni tu. Nyumbani tuliongea Kisukuma. Hadithi ilikuwa moja, ikitoka vipande vipande mwezi hadi mwezi. Kijana mwenye kofia anaaga kwao kwenda kuchimba dhahabu, haleti habari, na dada yake anaondoka kumtafuta duara hadi duara, kwenye mashimo yale ya wachimbaji wadogo. Bibi aliitazama ile kofia kwa muda mrefu sana. Mwanawe wa mwisho, baba mdogo Masanja, alikuwa ameondoka kwenda machimboni Geita kabla sijaanza shule, na hakuna aliyejua yuko shimo gani. Nilikuwa mtoto lakini si mjinga. Nilijua tunamtafuta nani ndani ya kile kitabu.

Tatizo, sikujua kusoma. Darasani tulisoma wote pamoja, kwa kelele, nami nilikuwa hodari wa kufungua mdomo nyuma kidogo ya wenzangu. Nyumbani hakuna aliyelijua hilo. Basi bibi alipoweka kidole kwenye vile viputo vya maneno vinavyotoka midomoni mwa watu, akauliza, "Huu moshi unasema nini?", nilijibu bila kusita. Nilimsomea kurasa tatu nzima kutoka kichwani mwangu, kwa Kisukuma kitamu, huku tukimenya karanga kwenye kivuli cha nyumba. Nikafika pale dada anapokutana na mwenye duara mmoja.

"Anasema, karibu binti, kaa upumzike, kaka yako ni rafiki yangu."

Bibi akaacha kumenya. "Kabula, mjukuu wangu. Mtu anayekukaribisha anaziba mlango kwa mguu? Na huyu binti mbona amekumbatia mfuko wake? Huyu bwana anamfukuza." Akanitazama. "Wewe hujui kusoma."

Nilijikaza pale, nikaenda kulia nyuma ya zizi. Aibu ile naihisi hadi leo. Nilikuwa nimempa habari za uongo za mtu aliyekuwa akimtafuta. Lakini bibi hakumwambia yeyote. Kesho yake alinikabidhi kitabu, akasema yeye atazisema picha, mimi nitafute maneno. Ndivyo nilivyojifunza. Yeye alisema, "Huyu amekasirika," nami nikazikwaruza herufi hadi nipate neno la mtu aliyekasirika. To-ka. Toka! Tulicheka mpaka karanga zikamwagika. Tuliweza kushinda kwenye ukurasa mmoja hadi kivuli kikahama, na nyakati nyingine niliona kama watu wale wa wino wameshuka kukaa nasi kwenye mkeka, wakisubiri niwape sauti.

Mwaka ule ule macho ya bibi yaliingia ukungu. Toleo la mwisho lilipofika, nilikuwa nasoma bila kukwama, na yeye haoni ila weupe wa karatasi. "Soma yote," akasema, "na picha pia." Nikasoma, nikamweleza kila mkono na kila jicho, mpaka ukurasa wa mwisho. Dada yuko mlangoni kwao, peke yake, ameshika kofia. Kwenye kiputo kulikuwa na maneno manne: Mama, nimerudi na hii.

Nilisema kijana karudi. Nikasema amekonda, amebeba mfuko wa sukari, na mama yake anapiga vigelegele. Nikasubiri aniulize mikono iko wapi, nani amesimama wapi. Bibi, aliyeuliza kila kitu, hakuuliza chochote. Aliupapasa ule ukurasa taratibu kwa kiganja. "Wabeja, mjukuu wangu," akasema, yaani asante, kisha akaniomba nikirudishe kitabu mahali pake.

Sasa naishi Kalangalala, mjini Geita. Wanangu wanasoma katuni kwenye simu, zenye rangi ambazo sisi hatukuziota, wakizipandisha kwa kidole gumba. Walijua kusoma mapema kuliko mimi, na nafurahi. Nikimwambia mdogo apunguze mwendo, anionyeshe uso wa kila mmoja, ananiona mzito. Baba mdogo hajarudi. Bibi alifariki miaka miwili baada ya kiangazi kile, na mama anasema hadi siku zake za mwisho aliwatambia wageni kwamba mjukuu wake anajua kusoma. Nami niliyemsomea yote sawasawa, isipokuwa ukurasa mmoja, sijui mpaka leo kama aliniamini au alinihurumia.